Acheni Kununua Vitunguu vya Maua kwa Gunia, Anzeni na Mbegu

Leo sina makala ya hatua kwa hatua kama mlivyozoea. Hatua zipo humu ndani, lakini kwanza nataka kutoa maoni yangu, na najua wapo watakaonipinga. Sawa tu, tutaelewana shambani.

Maua ya kukata kwa soko la ndani yamechangamka. Harusi, misiba, makanisa, hoteli, kila mahali watu wanataka maua halisi. Na maua yanayoota kwa kitunguu, kama amarilisi, lili, gladiola na tuberozi, yanawavutia vijana kwa sababu inayoeleweka: unavuna ua, kitunguu kinabaki ardhini, msimu ujao unavuna tena. Ni mtaji unaolala chini.

Sasa vijana wengi wakishapata wazo hili, swali la kwanza wanaloniuliza ni moja: "Afisa, vitunguu nitapata wapi kwa wingi na kwa haraka?" Na hapo ndipo madalali wanapoingia. Wanapita kwenye vihamba vya Kilimanjaro, kwenye bustani za nyumba za zamani kule Lushoto, kwenye viwanja vya shule na makanisa ya zamani. Wanamkuta bibi ana mstari wa amarilisi nyekundu chini ya migomba, wamekaa pale tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Wanampa hela ya sukari, wanang'oa mstari mzima, wanajaza gunia. Wiki ijayo gunia lile liko kwako na bei imeshapanda mara kadhaa.

Mimi nasema biashara hiyo muiache. Kwa bibi nendeni, tena nendeni mara kwa mara, lakini ombeni mbegu. Vitunguu viacheni palepale.

Kwenye gunia kuna nini?

Kwanza kuna magonjwa. Amarilisi iliyokaa bustanini miaka 20 au 30 imeshapitiwa na vidukari wengi na visu vingi, na vyote viwili husambaza virusi. Ukiona majani yana mabaka ya njano na kijani kama ramani, huo mmea una virusi vya mozaiki. Dawa hakuna. Kitunguu kikishaambukizwa, kila kitoto kinachotoka ubavuni mwake kinazaliwa na ugonjwa huohuo. Na vitunguu vikiwa kwenye gunia havina majani, kwa hiyo hujui unanunua nini. Utajua baada ya miezi, wakati shamba zima limeshachanganyika.

Halafu kuna kuvu wa madoa mekundu, anayeunguza majani na bua la ua. Kuna minyoo ya mizizi inayosafiri na udongo ulioganda kwenye kitako cha kitunguu. Kuna mayai na viwavi. Wapo viwavi weusi wenye mistari ya njano wanaotafuna jani la amarilisi kuanzia juu mpaka wanaingia ndani ya kitunguu chenyewe. Vyote hivyo umevilipia na usafiri umevigharamia wewe.

Pili, kitunguu kikubwa kilichong'olewa na kukatwa mizizi mara nyingi kinanuna. Kinaweza kupitisha msimu mzima bila kutoa ua, kwanza kinajenga mizizi upya. Na humo guniani vikubwa huwa juu. Chini kumejaa vitoto ambavyo navyo vinahitaji miaka miwili au mitatu mpaka vitoe ua. Yaani ile haraka uliyoinunua haipo.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, bustani zile ndizo benki yetu. Aina nyingine zilizomo mle hazina jina dukani. Zimeshachujwa na jua letu, mvua zetu na wadudu wetu kwa miongo kadhaa, zikabaki zile zinazoweza kuishi bila dawa na bila kumwagiliwa. Ukizing'oa zote na kuziweka kwenye shamba moja, halafu ugonjwa ukaingia, umepoteza shamba na umepoteza pa kurudi kuanza upya. Kwa mkulima wa biashara hiyo si huruma kwa bibi peke yake, ni hesabu.

Kwa nini mbegu?

Virusi wengi wa mimea hawapiti kwenye mbegu. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Bustani inaweza kuwa imechoka kwa mozaiki, lakini mche ulioota kutoka kwenye mbegu yake una nafasi nzuri ya kuanza safi, mradi usiuoteshe karibu na mimea ile mgonjwa.

Halafu ni wingi. Kitunguu mama cha amarilisi kinakupa vitoto vichache kwa mwaka. Lakini bua moja lina maua kama manne, na kila ua likipata chavua vizuri linatoa tunda lenye mbegu nyingi. Tuseme una ruhusa ya mama 10 kwenye bustani tatu tofauti. Kila mama umempa mimba kwenye maua mawili tu. Ni matunda 20. Kila tunda likikupa mbegu nzima 40, una mbegu 800, na mama wote 10 bado wako kwa wenyewe.

Watakaonipinga wanasema: afisa, miaka mitatu nitakula nini? Swali zuri. Jibu langu ni hesabu ya nafasi. Miche 1,000 ikipandwa kwa sentimita 3 kwa 3 inakaa kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Ni trei chache tu chini ya kivuli. Mwaka wa pili ukihamishia sentimita 10 kwa 10, unahitaji mita 10 za mraba. Mwaka wa tatu, kwa sentimita 25 kwa 25, ni kama eneo la mita 8 kwa 8. Shamba lako lote lililobaki linaendelea na mboga, linaendelea na gladiola ya kukuingizia hela ya miezi mitatu mitatu. Mbegu hazikufungi. Kinachokufunga ni mkopo wa gunia.

Aina zipi zinalipa kwa mbegu

Hapa lazima tuwe wakweli, maana si kila ua la kitunguu linafaa kuanza na mbegu.

Ya kwanza kwa haraka ni lili nyeupe ya Formosa, ile ndefu yenye ua kama tarumbeta. Asili yake ni kisiwa cha Taiwan. Ikitunzwa vizuri inaweza kutoa ua kabla ya mwaka kuisha tangu kusia mbegu. Na hii ni mfano mzuri wa hoja yangu: lili hii hudhoofika haraka sana ikipata virusi, kwa hiyo wakulima wake duniani hupenda kuianza upya kwa mbegu badala ya kubebana na vitunguu vya zamani. Ua jeupe la madhabahuni na la msibani halikosi mnunuzi.

Ya pili ni arabikamu, kama wenzetu wa Kenya wanavyoiita. Asili yake ni kusini mwa Afrika, ina bua refu na maua meupe yenye kitovu cheusi. Kule Kenya wakulima wadogo wanailima kwa soko la nje. Kwa mbegu unasubiri mwaka wa pili au wa tatu.

Ya tatu ni amarilisi, kitaalamu Hippeastrum, iliyotoka Amerika Kusini. Hii ni miaka mitatu, wakati mwingine minne. Ni ndefu, lakini inauzwa kwa njia mbili: ua la kukata na kitunguu ndani ya chungu.

Zisizofaa kwa mbegu pia nizitaje. Tuberozi ya maua yaliyokunjamana mara mbili mara nyingi haikupi mbegu. Hiyo nunua vitunguu vichache kwa mtu unayemfahamu shamba lake, uzidishe mwenyewe. Gladiola ya rangi maalumu ambayo mteja ameizoea izidishe kwa vile vitoto vidogo vinavyoota chini ya kitunguu, maana mbegu zake zitakuletea rangi mchanganyiko. Na tulipu ya Uholanzi achana nayo kabisa. Inahitaji baridi ya jokofu kwa wiki 12 hadi 16 ndipo ichanue. Atakayekuuzia atakuonyesha picha, na kama kitunguu kilishapozwa huko kwao utaona ua mara moja, basi. Hakuna mtaji unaobaki ardhini.

Namna ya kuomba na namna ya kuotesha

Usiende kwa bibi kama dalali. Nenda kama mjukuu. "Shikamoo bibi. Nimeyapenda maua yako, naomba nikija kipindi yakichanua niyafunge uzi mawili matatu, nije nichukue mbegu." Atacheka, atakuambia hajawahi kusikia mtu anaomba mbegu ya hayo maua. Mpe zawadi ya heshima, kubalianeni, na ukipata miche mrudishie michache. Mwakani atakuita mwenyewe.

Chagua mama mwenye majani safi, bua imara, na ua linalokaa siku nyingi. Amarilisi mara nyingi huchanua mvua zikianza baada ya kiangazi. Asubuhi ua likiwa limefunguka, chukua chavua ya njano kutoka kwenye mmea mwingine, si ua la mmea uleule, maana nyingi hazijipokei zenyewe. Tumia brashi ndogo au kidole safi. Paka kwenye ile ncha ndefu ya katikati ikiwa imejigawa mara tatu. Funga uzi. Kama imeshika, tunda litavimba siku chache tu baadaye. Acha matunda mawili kwa bua, mengine yakate, kwa sababu kulea mbegu kunakula nguvu ya kitunguu.

Baada ya wiki nne hadi sita tunda linageuka njano na kuanza kupasuka. Vuna hapo. Mbegu za amarilisi ni nyeusi, nyembamba kama karatasi. Ukiishika juu ya mwanga utaona kiini kimevimba katikati. Zisizo na kiini ni makapi. Zianike kivulini siku mbili tatu, kisha sia mapema. Mbegu hizi si mahindi ya kuweka stoo, zinapoteza uwezo wa kuota miezi ikipita.

Njia rahisi ni beseni. Zielezeshe juu ya maji safi mahali penye joto, nje ya jua kali. Kwa wiki mbili au tatu utaona mzizi umechomoza. Zitoe kwa kijiko, zipande kwenye trei yenye mchanga wa mto na mboji iliyoiva, nusu kwa nusu, juu ukifunika kidogo tu. Mbegu za lili na arabikamu sia moja kwa moja kwenye trei, kina cha nusu sentimita. Trei iwe na matundu. Maji mengi yaliyotuama yanaua miche mingi kuliko kiangazi.

Kosa ninaloliona kila mahali ni hili: mche wa amarilisi unafika mwaka mmoja, kijana anaona ni kitunguu sasa, anaukausha kama kitunguu kikubwa. Usifanye hivyo. Miaka miwili ya mwanzo usiinyime maji. Majani yakiendelea kufanya kazi mwaka mzima ndipo kitunguu kinanenepa, na ndipo miaka mitatu haigeuki kuwa mitano. Samadi mbichi isiguse kabisa, na mbolea ya nitrojeni nyingi inakupa majani laini yanayopendwa na kuvu.

Rangi zikitofautiana je?

Hili ndilo pingamizi la pili. Ni kweli, amarilisi za mbegu hazitafanana na mama yao wote. Utapata nyekundu, utapata za machungwa, utapata zenye michirizi, na nyingine za kawaida tu. Kwa mkulima anayepeleka maboksi 200 ya rangi moja nje ya nchi hiyo ni shida. Kwa wewe unayeuza Moshi, Arusha au Dar kwa mpambaji wa ukumbi, mchanganyiko mara nyingi si tatizo.

Na kuna faida yake. Kati ya miche 500 inayotoa ua, ukipata mitano yenye bua nene, ua zuri na jani lisilougua, hiyo mitano ni yako. Hakuna mwingine anayo. Iweke alama, itenge, uizidishe sasa kwa kitunguu. Hapo kukata kitunguu kuna maana, maana unajua unachokizidisha. Kitunguu kikubwa unakigawa vipande 8 hadi 16 kama unavyogawa chungwa, kila kipande kikiwa na magamba na kipande cha kitako. Unaviweka kwenye vumbi la nazi lenye unyevu kidogo, baada ya miezi miwili au mitatu vijitunguu vinachomoza kati ya magamba. Kisu kiwe safi kila unapohama kitunguu.

Nyingine zinazobaki uza kwenye vyungu. Kitunguu kikubwa ukikinyima maji wiki 8 hadi 10, kisha ukakirudishia, mara nyingi kinatoa ua ndani ya wiki 5 hadi 8. Piga hesabu ya kurudi nyuma kutoka Krismasi: anza kukausha Agosti, rudisha maji mwisho wa Oktoba.

Mambo matatu ya kuangalia

Moja, sumu. Kitunguu cha amarilisi kina sumu, na arabikamu pia, kwa watu na kwa mifugo. Kinafanana na kitunguu cha jikoni, kwa hiyo kisilale karibu na jiko hata usiku mmoja. Na majani unayopunguza yasiende horini kwa mbuzi.

Mbili, lili ya Formosa ina mbegu nyingi nyepesi zinazoruka na upepo. Afrika Kusini imeiweka kwenye orodha ya mimea vamizi. Usiipande kando ya msitu wala bondeni kwenye maji. Kata matunda yote usiyoyahitaji kabla hayajakauka. Na maua ya porini, kama gladiola wetu wa asili kwenye nyika, yasichimbwe. Huyo ni mmoja wa mababu wa gladiola zinazouzwa dunia nzima, tumwache alipo.

Tatu, sheria. Kuagiza mbegu au vitunguu kutoka nje kunahitaji vibali vya afya ya mimea, na hapa kwetu wahusika ni TPHPA, makao yao yako Arusha. Pia Tanzania ina sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Aina ya kisasa yenye ulinzi huwezi kuigawa na kuiuza bila ruhusa ya mwenyewe. Amarilisi ya zamani ya bibi haina mgogoro huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huo. Dalali akikuletea gunia mwezi huu, mwambie asante, endelea na shughuli zako. Mvua zikikaribia, tafuta bustani tatu za zamani kwenye kata yako, peleka salamu, beba uzi na brashi. Trei mbili zinatosha kuanzia. Miaka mitatu itapita hata usipopanda kitu.

Tukutane shambani.